KIMENG'ENYA KIMOJA KILICHOKOSEKANA
Ubongo wa mtoto na urithi wa wazazi wawili

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, ambaye ni daktari wa patholojia, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka.)



 Ndugu Katibu amenieleza waziwazi kwamba nina nusu saa tu, na kwamba pilau haimsubiri msemaji. Nitajitahidi kutii.

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Kazi ya mtaalamu wa patholojia ni kutafuta ndani ya mwili, kwa macho na kwa hadubini, sababu ya ugonjwa ambao daktari wa wodini anauona kwa nje. Badala ya kuieleza kazi hiyo kwa jumla, nimechagua ugonjwa mmoja tu, nao unaitwa Tay-Sachs. Ni ugonjwa wa nadra sana, na huenda wengi wenu hamtauona maishani mwenu. Basi kwa nini niwapotezee wakati?

Ninazo sababu tatu. Kwanza, ugonjwa huu unaonyesha wazi jinsi upungufu wa kitu kimoja kidogo kisichoonekana unavyoweza kuharibu ubongo mzima wa mtoto. Pili, historia yake inaonyesha jinsi elimu inavyojengwa, kila mtu akianzia pale mwenzake alipoishia. Tatu, ingawa mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya, umepunguzwa hadi karibu kutoweka miongoni mwa watu waliokuwa wakisumbuliwa nao kuliko wote. Haukupunguzwa na wagonjwa wala na dawa. Umepunguzwa na watu wazima wenye afya njema waliokubali kutolewa damu kidogo na kupimwa. Hilo la tatu linatuhusu sisi pia, na ndilo nitakalomalizia.

MTOTO ANAYERUDI NYUMA

Mtoto mwenye Tay-Sachs huzaliwa akiwa mzima. Hulia, hunyonya, hutabasamu, na wazazi hufurahi. Katika miezi ya kwanza hakuna jambo la kutia wasiwasi, ila mama mwangalifu huweza kuona kwamba mtoto hushtuka mno kila asikiapo sauti, hata ya mlango kufungwa au sufuria kuanguka, na kwamba hazoei kama watoto wengine wanavyozoea.

Kuanzia miezi 3 hadi 6 mambo hubadilika. Mtoto aliyekuwa ameanza kukaza shingo hulegea. Aliyekuwa ameanza kugeuka hageuki tena. Akiwahi kukaa, uwezo huo humpotea. Yafaa mwelewe tofauti iliyopo hapa. Wako watoto wanaochelewa kukua, nao polepole huwafikia wenzao. Huyu hakuchelewa, bali alianza kwenda mbele kisha akarudi nyuma. Kufikia mwaka mmoja na nusu hivi huwa hawezi kuona tena. Hupata kifafa, hushindwa kumeza, na kichwa chake huanza kuwa kikubwa kupita kiasi. Wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Iko namna nyingine ya ugonjwa huu ambayo huanza utotoni baadaye au hata ukubwani, nayo huenda polepole. Lakini ya watoto wachanga ndiyo iliyo ya kawaida zaidi, na ndiyo nitakayoieleza.

DOA JEKUNDU KATIKA JICHO

Mwaka 1881, daktari mmoja wa London jina lake Warren Tay alimtazama mtoto wa namna hii kwa chombo cha kuangalia ndani ya jicho. Katikati ya retina, pale mahali tunapotumia kuonea vitu vidogo kama herufi za kitabu, aliona doa jekundu lililozungukwa na weupe. Madaktari wa Ulaya wamelifananisha na tunda la cheri. Sisi tunaotoka katika sehemu za kahawa tungesema linafanana na buni mbivu iliyowekwa juu ya bakuli jeupe. Tay aliandika alichokiona, akaja kuona hali hiyo hiyo kwa watoto wengine wa familia ile ile, lakini sababu hakuijua.

Mwaka 1887, daktari wa neva wa New York, Bernard Sachs, aliandika habari za mtoto mwingine wa namna hii, naye alipata nafasi ya kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Aliona kwamba seli za ubongo zimeharibika kila mahali. Baadaye alitambua kwamba ugonjwa huu hutokea ndani ya familia, na kwamba wengi wa wagonjwa aliowaona walikuwa watoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Ndiyo maana ugonjwa ukabeba majina ya madaktari hawa wawili, mmoja aliyeona jicho na mwingine aliyeona ubongo.

Sasa nawauliza wanafunzi wa biolojia: kwa nini doa ni jekundu? Jibu linawashangaza wengi. Pale kwenye wekundu ndipo retina ilipo salama. Seli za neva zilizo katika tabaka la juu la retina, zile zinazopeleka habari ubongoni, huvimba na kujaa mafuta, na kwa sababu hiyo retina hugeuka nyeupe. Lakini katikati kabisa, asili haikuweka seli hizo, ili mwanga upite bila kizuizi. Hapo pasipo na seli za kuvimba, wekundu wa damu iliyo nyuma ya retina unabaki kuonekana kama kawaida. Basi daktari anayeangalia jicho la mtoto huyu anaona kwa macho yake, bila kufungua fuvu, jambo lile lile linalotokea ubongoni.

NDANI YA UBONGO

Na ubongoni kunatokea nini? Tukikata kipande chembamba cha ubongo huo na kukiweka chini ya hadubini, tunaona kwamba seli za neva, ambazo kwa kawaida zina umbo la pembe na matawi membamba, zimekuwa mviringo kama puto. Kiini cha seli, ambacho mahali pake ni katikati, kimesukumwa pembeni. Pale mwanzoni mwa uzi mrefu unaopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, pametokea uvimbe ambao kwa mtu mzima haupo kabisa. Hali hii haiko sehemu moja tu ya ubongo. Iko katika ubongo wa mbele, katika ubongo wa nyuma, katika uti wa mgongo, na hata katika neva zinazoendesha utumbo.

Mwaka 1960, Robert Terry na Saul Korey wa New York walitazama seli hizo kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu mara nyingi zaidi ya hadubini ya kawaida. Waliona kwamba kilichojaza seli ni vidonge vidogo vyenye matabaka mengi, moja juu ya jingine, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

Kwa muda seli hizi huvumilia. Kisha huanza kufa. Zinapokufa, seli za kutegemeza ubongo huongezeka na kuweka kitu kama kovu, na ala nyeupe inayofunika nyuzi za neva huharibika. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo huwachanganya wanafunzi wa udaktari. Ubongo unaokufa ungetegemewa usinyae, lakini mtoto huyu akifikisha mwaka wa pili ubongo wake huongezeka ukubwa na uzito kupita ubongo wa mtoto mzima wa umri wake. Ni mzito kwa vitu vilivyorundikana na kwa makovu, si kwa akili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema hivyo kwa kusifu akiba, lakini hapa kibaba kinachojazwa ni seli ya ubongo, nayo haina mahali pa kumwagia.

ZAMU ISIYOFANYWA

Kitu hicho kinachorundikana ni kitu gani? Mwanakemia wa Kijerumani Ernst Klenk alikitoa katika ubongo wa wagonjwa, na mwaka 1942 akakipa jina la gangliosaidi. Ni mafuta ya namna ya pekee yaliyoungwa na mlolongo wa sukari. Msidhani ni sumu. Kila mmoja wetu anazo gangliosaidi nyingi katika utando wa seli zake za ubongo, na bila hizo ubongo haufanyi kazi vizuri. Mwaka 1962, Lars Svennerholm wa Sweden alionyesha kwamba katika Tay-Sachs ni aina moja tu inayozidi, inayoitwa GM2. Kwa mtu mzima GM2 ni kidogo sana, kwa sababu ni hatua ya kupita tu. Katika ubongo wa mgonjwa huwa zaidi ya mara 100 ya kiasi cha kawaida.

Mwili wetu, ndugu zangu, hujenga na kubomoa wakati wote. Utando wa seli huchakaa, hubomolewa, na vipande vyake hutumiwa tena. Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve alieleza habari za vifuko vidogo ndani ya seli, akaviita laisosomu. Humo ndimo vitu vilivyochakaa vinamobomolewa, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Kwa ugunduzi huo na mwingine alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Vimeng'enya hivi hufanya kazi kwa zamu na kwa utaratibu mkali. Wengi wetu tunaikumbuka zamu ya usafi wa bweni. Wa kwanza alitoa vitanda, wa pili akafagia, wa tatu akamwaga maji, wa nne akapiga deki. Yule wa kutoa vitanda asipofika, wengine wote wapo, wana mifagio na ndoo mikononi, lakini hawawezi kuanza. Ndivyo ilivyo kwa gangliosaidi. Sukari zilizo katika mlolongo wake huondolewa moja moja kuanzia mwisho. Sukari ya mwisho ya GM2 ina kimeng'enya chake maalumu cha kuikata. Isipokatwa hiyo, vimeng'enya vingine vyote vinavyofuata, ingawa ni vizima kabisa, havina la kufanya. GM2 inabaki ndani ya laisosomu, na kesho inaongezwa nyingine, na keshokutwa nyingine.

Mbelgiji mwingine, Henri-Géry Hers, ndiye aliyeonyesha mwaka 1963, kwa kuchunguza ugonjwa mwingine unaoitwa Pompe, kwamba magonjwa ya namna hii huweza kutokana na upungufu wa kimeng'enya kimoja cha laisosomu. Baada ya hapo wataalamu walijua watafute wapi. Mwaka 1969, Shintaro Okada na John O'Brien wa California walikipata kimeng'enya kinachokosekana katika Tay-Sachs. Kinaitwa heksosaminidesi A, nami nitakifupisha na kukiita Heks A. Ana ndugu yake, Heks B, ambaye kwa watoto hawa yupo tele, lakini kazi ya kukata GM2 haiwezi. Tangu Tay alipoona doa jekundu hadi kimeng'enya kujulikana ilipita miaka 88.

Mwaka 1988, Rachel Myerowitz na wenzake walipata kosa lenyewe katika maandishi ya urithi, yaani DNA. Jeni ya kutengeneza sehemu moja ya Heks A iko katika kromosomu ya 15. Kwa Wayahudi wengi wanaobeba ugonjwa huu, katika jeni hiyo zimezidi herufi 4 tu: TATC. Mnaweza kuuliza, herufi 4 zitaharibu nini? Seli husoma herufi hizi tatu tatu. Chukueni sentensi hii: MTU ANA NIA. Ingizeni TATC baada ya neno la kwanza, kisha someni tena tatu tatu: MTU TAT CAN ANI A. Herufi zote za zamani zimo, hakuna iliyofutwa, lakini maana imepotea, na kimeng'enya hakitengenezwi.

KWA NINI DAWA IMEKUWA NGUMU

Mwanafunzi mwerevu atasema: ikiwa kinachokosekana ni kimeng'enya, si tukitengeneze na kumdunga mtoto? Hilo si wazo la kitoto. Ugonjwa mwingine wa jamii hii, unaoitwa Gaucher, una aina ambayo hurundika mafuta katika bandama, ini na mifupa bila kugusa ubongo. Tangu mwaka 1991 wagonjwa wake wamekuwa wakipewa kimeng'enya kwa sindano ya mshipa, na hali zao hupata nafuu kubwa. Lakini ubongo una kizuizi chake kati yake na damu, kama askari wa getini asiyeruhusu mgeni asiye na kibali. Kimeng'enya ni molekuli kubwa, na kikidungwa katika mshipa hakipiti pale.

Watafiti sasa wanajaribu kuingiza jeni nzima ubongoni kwa kutumia virusi vilivyoondolewa madhara. Mwaka 2022 zilichapishwa habari za watoto wawili wa Marekani waliotibiwa hivyo. Hawakupona. Kwa mmoja wao, aliyetibiwa akiwa na miezi 7, ugonjwa ulionekana kutulia kwa miezi michache kisha ukaendelea. Ni hatua ya kwanza, na ni ya kweli, lakini si haki kumwambia mzazi yeyote leo kwamba dawa imepatikana. Seli ya neva iliyokwisha kufa hairudi.

HESABU YA URITHI

Sasa nakuja kwenye hesabu. Kila mmoja wetu amerithi jeni mbili za Heks A, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni moja nzima na moja mbovu hutengeneza karibu nusu ya kimeng'enya, na nusu hiyo inamtosha kabisa. Hata sehemu ya kumi yaonekana kutosha. Mtu huyo haumwi leo wala hataumwa kesho. Huyu ndiye tunayemwita mbebaji.

Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hakuna mtoto wao atakayeugua. Wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba kuna nafasi 1 katika 4 ya mtoto kupata jeni mbovu mbili na kuugua, nafasi 2 katika 4 ya kuwa mbebaji kama wazazi wake, na nafasi 1 katika 4 ya kuwa huru kabisa. Angalieni sana: ni kwa kila mimba. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Aliyepata mtoto mmoja mgonjwa asidhani kwamba watatu wanaofuata lazima wawe wazima.

Miongoni mwa Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki na ya Kati, mtu 1 katika kila 30 hivi ni mbebaji. Nafasi ya wabebaji wawili kuoana ni 1 katika 900, na mtoto wao kuugua ni robo ya hapo, yaani 1 katika 3,600. Katika mataifa mengi mengine wabebaji hukadiriwa kuwa 1 katika 300 hivi. Fanyeni hesabu ile ile mtapata 1 katika 360,000. Nadra, lakini si hakuna. Wafaransa wa Kanada na wa Louisiana nao wana wabebaji wengi kupita kawaida. Zamani wako waliotumia ugonjwa huu kuwadharau Wayahudi, kana kwamba damu yao ina dosari. Huo ulikuwa ujinga. Kila taifa lina magonjwa yake ya urithi, na kila mmoja wetu humu ndani amebeba jeni mbovu kadhaa asizozijua.

WATU WAZIMA WALIOPIMWA

Kipimo cha kumtambua mbebaji kilipatikana mapema, mwaka 1970, na uzuri wake ni kwamba kilitegemea jambo ambalo hata maabara ya shule inaweza kulielewa. Heks A huharibiwa na joto la nyuzi 50 hivi za Sentigredi, na Heks B huvumilia. Unapima vimeng'enya vyote viwili katika maji ya damu, unavipasha joto, kisha unapima tena. Kilichopungua ndicho Heks A. Kikiwa kiasi cha kawaida, mtu si mbebaji. Kikiwa nusu, ni mbebaji.

Mwezi Mei 1971, katika sinagogi moja huko Bethesda, karibu na Washington, Daktari Michael Kaback na wenzake walianza kuwapima watu kwa wingi. Kabla ya siku hiyo walitumia zaidi ya mwaka mmoja kueleza na kujibu maswali ya viongozi wa dini, madaktari na jamii yenyewe. Hawakuanza na sindano, walianza na maneno. Kipimo kilienea katika miji mingi ya Marekani, Kanada, Israeli na kwingineko, na watu zaidi ya milioni 1 wamepimwa kwa miaka iliyofuata. Wachumba na wanandoa waliojikuta wote ni wabebaji walishauriwa, nao wakaamua kila mmoja kwa dhamiri na imani yake: wengine hawakuoana, wengine walipima kila mimba, wengine walilea watoto wa wenzao. Matokeo yake ni kwamba katika Marekani na Kanada, watoto wa Kiyahudi wanaozaliwa na Tay-Sachs wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Wako waliokuwa na shida ya pekee. Wayahudi wanaoshika sana dini, ambao ndoa zao hupangwa na wazee, waliogopa kwamba binti akijulikana ni mbebaji hataposwa. Rabi Josef Ekstein wa New York, ambaye watoto wake wanne walifariki kwa Tay-Sachs, alianzisha mwaka 1983 utaratibu unaoitwa Dor Yeshorim. Kijana hupimwa kabla ya kuposa, hupewa namba tu, na haambiwi majibu. Posa inapotajwa, namba mbili hupelekwa, na jibu ni moja: wanafaa au hawafai. Hakuna anayejua nani ni mbebaji, na hakuna anayeaibishwa. Nautaja si kwa kusema tuuige ulivyo, maana wako wanaoona ni haki ya mtu kujua habari za mwili wake. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba watu wanaoheshimu mila zao wanaweza kuitumia sayansi bila kuziacha mila hizo.

NA SISI JE?

Ndugu Mwenyekiti, sasa natimiza ahadi yangu. Sisi hatusumbuliwi na Tay-Sachs. Tunasumbuliwa na ugonjwa unaofuata hesabu ile ile hasa, nao ni selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea sana katika sehemu zetu zenye mbu. Lakini mwenye jeni mbili huugua. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na kila mwaka huzaliwa maelfu. Sisi wa Afrika Mashariki tunazo sababu nyingi za kujua hesabu ya 1 katika 4 kuliko watu wa New York.

Mambo manne nawaomba mwondoke nayo.

Kwanza, acheni kumlaumu mama. Katika kazi yangu nimewaona akina mama waliorudishwa kwao kwa sababu wanazaa watoto wagonjwa, na nimesikia majirani wakitajwa kuwa wachawi. Ugonjwa wa namna hii hautokei mpaka baba na mama wote wametoa jeni. Mume anayemfukuza mke wake kwa sababu hii anafukuza nusu ya ushahidi, na nusu ya pili anabaki nayo mwilini mwake. Wala hakuna mwenye hatia kati yao. Hakuna aliyechagua jeni zake.

Pili, kapimeni kabla ya kuoana. Kipimo cha selimundu kipo katika hospitali zetu kubwa. Ndugu zetu wa Pwani na wa sehemu nyingine wenye mila ya kuoa watoto wa ami au wa mjomba wanapaswa kujua kwamba ndugu hao wana sehemu 1 katika 8 ya jeni zao iliyo sawa, na kwa hiyo jeni mbovu ya nadra hupata nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenzake. Siji hapa kuivunja mila inayoruhusiwa na dini ya watu. Nasema tu kwamba ikiwa katika ukoo wenu watoto wamekuwa wakifariki kwa namna moja, msifichane. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu, mbebaji si mgonjwa, wala si mtu wa kuchekwa bwenini au kukataliwa kazini. Na mgonjwa mwenyewe ni mwenzenu. Mtoto wa selimundu, tofauti na yule wa Tay-Sachs, ana mengi ya kufanyiwa: akitambuliwa mapema, akakingwa na malaria na maambukizo, akapata dawa na uangalizi, anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea watoto.

Nne, ninyi wadogo zetu mlio katika mkondo wa sayansi, someni kemia yenu kwa moyo. Najua vimeng'enya vinaonekana ni mada ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini mmeona leo. Mmoja aliona doa, wa pili akaona seli iliyovimba, wa tatu akayajua mafuta, wa nne akakijua kimeng'enya, wa tano akaona kwamba joto linatenganisha A na B, na kwa sababu hiyo wako watu wengi leo ambao hawakulazimika kumzika mtoto. Hakuna kati yao aliyefanya yote. Magonjwa ya urithi ya watu wetu hayajachunguzwa vya kutosha, na watakaoyachunguza hawana budi kutoka katika madarasa kama haya.

Daktari hupenda kuponya, na ni vigumu kwake kukaa na mtoto ambaye hana la kumfanyia isipokuwa kumpunguzia maumivu na kuwafariji wazazi. Lakini Tay-Sachs imetufundisha kwamba kukosa dawa si sawa na kukosa la kufanya. Kinga ni bora kuliko tiba, na pasipo na tiba, kinga ndiyo kila kitu.

Ndugu Mwenyekiti, harufu ya pilau imekwisha fika hapa, nami nimebakiwa na dakika moja, ambayo nairudisha kwa Katibu.